Mikono ya Mwalimu Pazia

4 Februari

Kaka Ngongoti,

Salamu zikufikie huko juu unakokaa na mawingu. Mimi mzima, kifua kimeacha kunisumbua. Natumaini winchi yako nayo nzima, maana kila nikifikiria mtu na akili zake amejifungia kwenye kijumba cha vioo angani, ananyanyua makontena kama viberiti, miguu yangu ndiyo inayotetemeka badala ya yako.

Baba yuko kwangu sasa. Nimempa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, apate kuona watu wakipita. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakuja asubuhi na mashine yake, anashona barazani huku anamwangalia, na mimi nakwenda kufundisha roho ikiwa imetulia kidogo. Siku nyingine Baba ananijua vizuri, ananiuliza kama nimemaliza kusahihisha. Siku nyingine ananiita "wewe binti", na kwa adabu kubwa anauliza kama mwenye nyumba hatachukia akikaa mpaka kesho. Namwambia mwenye nyumba ni mtu mzuri sana. Nacheka mbele yake, nalia jikoni.

Sasa sikia hili. Mwalimu mkuu ameamua wasichana wa kidato cha nne waigize kitabu chao cha mtihani mwisho wa muhula, na mimi ndiye wa kuwafundisha. Nina hakika umeshajua ni kipi. Kile kile, kaka. Ule mchezo wa kale wa Kiingereza tuliolelewa nao: jemadari shujaa anamkaribisha mfalme wake alale kwake, mkewe anamtia moyo, mgeni anauawa kitandani, na tangu hapo hakuna anayepata usingizi ndani ya nyumba ile. Mke mwenyewe anaishia kutembea huku amelala, ananawa mikono isiyo na kitu.

Nimewauliza darasani: kinachomtesa huyu mama ni dhamiri, au ni woga wa kujulikana tu? Waligombana hadi kengele ikalia. Ndipo binti mmoja, tunamwita Filimbi kwa sababu ya sauti yake, akasimama: "Mwalimu, si mikono yake ni safi? Sasa ananawa nini?" Wenzake wakamcheka.

Nikarudi nyumbani na swali lake, nikamkuta Baba kwenye beseni.

Kaka, ananawa kila jioni kabla ya kula. Sabuni, maji, katikati ya vidole, anaiinua mikono kwenye mwanga, anaitazama, anarudia tena. Ananong'ona maneno ambayo siyashiki. Ngozi imepasuka, nampaka mafuta, kesho yake inapasuka tena. Fundi cherehani anasema baba yangu ni msafi. Mimi nilisimama mlangoni nikamtazama mpaka akamaliza.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema. Jioni ile Mama alipotutoka hospitali, Baba alikuwa shuleni alikofundisha, anavuta pazia la mchezo huu huu. Mimi nilikuwa hata shule sijaanza, lakini nakumbuka jirani amenishika mkono ukumbini pale hospitali, na Baba anaingia mbio, mikono ya shati lake jeupe imejaa wekundu. Leo najua ilikuwa rangi ya mchezo. Lakini ile picha haijui kwamba mimi leo najua.

Wewe ulikuwa mkubwa. Kuna kitu Baba alimfanyia Mama?

Usinipigie kwenye simu ya ofisi. Karani wetu husikia hata yale ambayo hayajasemwa. Niandikie.

Mdogo wako,
Kitinda

22 Februari

Kitinda wangu,

Barua yako imetembea kweli, imefika na mhuri wa mji nisioujua. Niko mzima. Kuhusu winchi, kwa taarifa yako huku juu ndiko salama: wanaoangukiwa ni walio chini.

Umenirudisha mbali, mdogo wangu. Nimekaa kitandani na viatu miguuni, naona sebule yetu. Shuka la Mama la maua ndilo pazia. Mimi ndiye mfalme, kwa sababu Baba alisema mfalme lazima awe mtu asiye na maneno mengi. Nimeuawa kwenye kochi lile sijui mara ngapi! Nilikuwa nakufa vizuri sana, mguu mmoja unaning'inia, mpaka Mama anapita na sinia anasema, "Marehemu, sogeza mguu nipite." Wewe ulikuwa askari wa langoni na ulikuwa unalala kweli, hukuhitaji kuigiza. Radi zote nilizipiga mimi mwenyewe, nikishafufuka, kwa mfuniko wa sufuria.

Nakumbuka pia Baba alivyokuwa akituuliza maswali kama sisi ni watu wazima. Kwa nini jemadari anasikia sauti baada ya kuua, na si kabla? Mimi nilijibu, kwa sababu kabla alikuwa na kelele za mkewe. Akacheka, akaniandikia alama kwenye kiganja kwa kalamu nyekundu.

Sasa swali lako. Kitinda, usimgeuze Baba kuwa mchezo. Wewe ni mwalimu wa fasihi, na walimu wa fasihi mtu akipiga chafya mnatafuta maana yake. Mzee anayenawa mikono kabla ya kula ni mzee aliyelelewa vizuri. Msikilize tu ananong'ona nini, kisha uniandikie.

Lakini nakuomba kitu kimoja. Usimwulize habari za Mama. Akili yake sasa hivi ni kama kabati la zamani, ukivuta droo moja zinatoka zote. Nikija likizo tutakaa naye sote wawili, taratibu.

Wekundu wa shati naukumbuka na mimi. Sikujua kwamba umeubeba mpaka leo. Ungeniambia.

Kaka yako,
Ngongoti

25 Februari

Kaka,

Najua yangu ya mwanzo huenda bado iko njiani, lakini siwezi kusubiri jibu.

Mazoezi yalikwenda vizuri mno, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Filimbi alicheza ile sehemu ya kunawa. Alijisugua mpaka viwiko, macho yamemtoka, anapiga magoti, anapiga kelele. Wasichana wawili wakalia. Niliwaeleza: mnaona, mdomo unaweza kuficha lakini mwili hauwezi, hatia ikikosa mlango wa kutokea hutokea mikononi. Nilijisikia nasema jambo la kweli kuliko yote niliyowahi kusema darasani. Nikaenda nalo nyumbani.

Baba alikuwa kwenye beseni. Nilisogea karibu, safari hii nikasikia. Anasema, "Nyeupe. Bado nyeupe." Anaangalia vidole, anasema tena, "Bado nyeupe," anarudi kunawa. Nikafikiria mashuka ya hospitali. Nikafikiria uso wa Mama ambao siukumbuki, nilichonacho ni weupe wa kitanda tu.

Nikamwuliza. Sikuanza mbali. Nilisema, "Baba, ulimfanyia nini Mama?"

Alinitazama. Siku hiyo alikuwa ananijua, kaka, hilo ndilo linaloniumiza. Maji yanamdondoka mikononi. Akasema, "Nani amekwambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia.

Akaiweka sabuni mahali pake, akajifuta kwenye shati, akaenda kulala na njaa. Tangu hapo hanawi tena. Hali chakula ila uji, na uji wenyewe mpaka fundi cherehani ambembeleze. Amegeukia ukutani. Jana nilimwita Baba, akasema, "Nitaondoka kesho, mama, mwambie mwenye nyumba nimeshukuru."

Nilitaka kujua, na sasa nimejua kwamba kipo kitu. "Nani amekwambia?" Mtu asiye na kitu hasemi hivyo. Lakini kujua kwenyewe hakunisaidii. Napita mbele ya mlango wake nikinyata kama mwizi, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kama kuna unalolijua, liseme sasa.

Kitinda

11 Machi

Kitinda,

Barua yako nimeipata wakati wa kubadilishana zamu, nikaisoma nimesimama kwenye ngazi, watu wanapita kila upande wananisukuma. Nimemwomba msimamizi ruhusa ya nusu siku nikuandikie. Ameniuliza kama kuna msiba. Nimemwambia hapana, nataka kuuzuia.

Chaki, Kitinda. Ni chaki!

Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa unalishwa mapema na kulazwa, kwa hiyo hukuiona. Baba alikuwa anarudi shuleni mweupe kama mtu aliyetoka kwenye mashine ya unga. Mama hakutaka vumbi lile mezani kwake. Alikuwa anasimama kwenye mlango wa chumba cha kulia, mkono kiunoni, na Baba ananawa kwenye beseni pale ukumbini. Akimaliza anainyoosha mikono kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mama anaitazama, halafu anasema, "Bado nyeupe, Mwalimu. Rudi." Baba anarudi. Ananawa, anakuja, ananyoosha mikono. "Bado nyeupe, Mwalimu. Rudi." Na mimi nimekaa mezani nakufa kwa njaa, chakula kinapoa, kumbe yule bwana anaacha chaki makusudi katikati ya vidole! Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anaiacha ili arudishwe.

Basi huo ndio uhalifu wa baba yako. Anakwenda kula, na kabla ya kula anamsubiri mtu wa kumrudisha.

Na ile jioni ya hospitali nakueleza yote, kwa sababu niliamini siku zote kwamba unaijua. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda. Mama alikuwa na hali mbaya, lakini alikuwa nayo hivyo kwa muda mrefu, hakuna aliyejua kwamba ndiyo siku yenyewe. Baba alikuja na koti lake la shule. Alisema haendi, mtu mwingine atavuta pazia. Mama akamwambia, "Nani? Yule wa hesabu? Atalifungua wakati mfalme anavaa suruali. Nenda, watoto wa watu wamejiandaa." Baba akakataa. Mama akamwambia tena nenda. Nilisikia kwa masikio haya. Hakumkimbia. Alitumwa.

Aliporudi alikuwa amechelewa. Rangi ile aliipata kwa kumfuta kijana aliyecheza jemadari, alikuwa anamfuta mikono nyuma ya pazia watu wa hospitali walipotuma mtu kumwita.

Sijui kwa nini alikuuliza nani amekwambia. Labda kuna kitu, labda hakuna. Lakini wewe sasa nenda mlangoni, weka mkono kiunoni, umwambie maneno yale. Hujachelewa.

Nimekuwa mkali na sitafuta hata neno. Nikimaliza kukukasirikia nakumbuka ulikuwa ukilala langoni na mkuki wa ufagio, mdomo wazi.

Ngongoti

24 Machi

Kaka yangu,

Keti chini kabla ya kusoma. Si msiba.

Barua yako ilifika mchana. Sikurudi darasani, niliwapa zoezi nikakimbia. Fundi cherehani nilimwambia aende kupumzika. Nikaweka beseni ukumbini kwangu, maji ya vuguvugu, sabuni mpya. Nikasimama kwenye mlango wa Baba, mkono kiunoni kama ulivyoniagiza, nikasema kwa nguvu, "Bado nyeupe, Mwalimu. Rudi."

Akageuka kutoka ukutani. Nilidhani atalia, au ataniita kwa jina la Mama, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Akasema, "Hapana. Hapana, hapana. Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Nikabaki na mkono wangu kiunoni.

Akakaa kitako. "Unasema kama askari wa zamu. Yeye hakuwa anakemea. Alikuwa anajizuia kucheka, ndiyo maana sauti ilikuwa inatetemeka hapa." Akajigusa koo. "Toka nje. Ingia tena."

Nikatoka, kaka. Mtu mzima na madaftari yangu kwapani. Nikaingia tena, nikasema. Akatikisa kichwa. "Na huo mkono kiunoni wa nini?"

"Kaka amesema ndivyo ilivyokuwa."

"Kaka yako alikuwa anaangalia chakula. Mkono ulikuwa kwenye fremu ya mlango, juu hivi, nisipite. Na kitambaa begani. Kilete kitambaa. Shingo ilale kidogo, upande huo, hapana, huo. Haya, tena."

Tulirudia sijui mpaka lini. Alikuwa ameshasimama, ananizunguka, anakunja uso, anapiga kiganja juu ya kiganja kama enzi zile. Mara nasema haraka, mara nameza neno la mwisho. "Usimwangalie machoni, angalia mikono yake. Mke wake anajua kabisa ameacha chaki. Cheza kama unajua." Nikacheza kama najua. Sauti ikatetemeka yenyewe, sikuitetemesha mimi.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo. Usibadilishe kitu."

Sikubadilisha. Nilibaki nimeshika fremu, kitambaa begani, shingo imelala. Wewe unaikumbuka sauti yake, una sinia na lile "Marehemu, sogeza mguu." Mimi sikuwahi kuwa na kitu. Basi leo nimekuwa naye mwilini mwangu, nimesimama alivyosimama, na aliyenionyesha ni yule niliyemdhania mabaya.

Akaenda kunawa. Mara moja tu. Akanyoosha mikono, nikaitazama, nikasema imetakata. Akala wali wote na akaomba kuongezewa.

Wakati anakula akasema, bila mimi kuuliza, "Uliniuliza kitu siku ile." Nikamwambia yaishe, Baba, nisamehe. Akasema swali zuri halisamehewi, linajibiwa. Unamjua.

Akaniambia hivi. Ni kweli Mama alimtuma. Ni kweli alikataa kwanza. "Lakini aliponiambia mara ya pili, nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na chumba kile, na harufu ya dawa, na kumtazama akijitahidi. Nilikuwa nataka taa zangu na watoto wangu na pazia langu. Nilipotoka nje ya jengo, nikiwa napita chini ya dirisha, nilipiga mluzi. Sikujijua. Nilishtuka nimeshafika getini. Dirisha lilikuwa wazi." Akasogeza sahani. "Hakuna anayeweza kunishitaki kwa mluzi. Kwenda, alinituma. Kufurahi hakunituma. Miaka yote nimekuwa najiuliza kama alisikia."

Kaka, nimefundisha mchezo ule hadi nimechoka nao. Nimewaambia wasichana kwamba hatia ni damu, ni kisu, ni mgeni aliyeuawa. Sikuwahi kuwaambia kwamba mtu anaweza kutofanya kosa lolote na bado nafsi ikamsuta mpaka uzeeni kwa sababu ya furaha iliyompitia njiani. Sikuwa naijua hiyo. Nilimwambia hata mimi ningefurahi kutoka. Akasema, "Najua, lakini wewe hukupiga mluzi," na akaomba maji ya kunywa.

Kesho nakwenda naye mazoezini. Ameomba mwenyewe.

Kitinda wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako huku juu, jambo lililokatazwa, winchi imesimama na meli inasubiri. Wamenipigia kelele kwenye redio. Waache wapige.

Msomee Baba haya, kwa sauti, na umweleze ni mimi ninayesema.

Baba, nilikuwepo chumbani. Dirisha lilikuwa wazi na mluzi ulisikika. Mama aliusikia. Alikuwa amefumba macho, akafumbua, akanitazama, akasema, "Msikie huyo. Kama mvulana siku ya kufunga shule." Halafu akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikamshikia kikombe. Akasema, "Haya, mwache avute pazia lake." Kisha nikamgeuzia mto, akalala. Hakuamka tena kuzungumza, Baba. Maneno yake ya mwisho niliyoyasikia yalikuwa ni hayo, na yalikuwa ya kucheka.

Wimbo siukumbuki. Nakumbuka uso wake tu, jinsi ulivyolegea, kama mtu aliyekuwa akimngoja mtu atoke salama na sasa ametoka.

Kitinda, wewe utaniuliza kwa nini sikumwambia zamani. Sikujua kama kuna wa kuambiwa. Kwangu mimi ulikuwa mluzi tu, kumbukumbu ndogo nzuri niliyokuwa naitoa mwenyewe nikichoka na zamu, naitazama, nairudisha. Sikujua kwamba kipande changu kizuri cha jioni ile ndicho kilichokuwa kinamsuta Baba. Tumekaa na jioni moja watu watatu, kila mmoja na chumba chake kafunga mlango.

Likizo yangu wameisogeza mbele, sitawahi mchezo. Niandikie kila kitu, hata makosa. Hasa makosa.

Ngongoti

20 Aprili

Kaka,

Nilimsomea. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika pale pa kufunga shule akainua mkono nisimame, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasema, "Ndivyo anavyosema. Hayo ni maneno yake kabisa," kama mtu anayethibitisha mwandiko. Akatoka akakaa barazani na fundi cherehani, nikamsikia anamsimulia kwamba mke wake ana mzaha sana.

Kesho yake alikuwa amesahau, nikamsomea tena. Nimemsomea mara nyingi sasa. Kila mara inakuwa ya kwanza, na kila mara ananisimamisha pale pale. Nilidhani nitachoka.

Sasa mchezo. Alikuja mazoezini nikamkalisha mbele. Filimbi akafanya kile kilio chake chote, viwiko, magoti, macho. Wenzake wakapiga makofi. Baba akamwita. "Umecheza vizuri mtu mwenye kichaa," akamwambia. "Mimi nataka mtu mwenye siri. Mwenye siri anataka mikono yake ionekane?"

Filimbi akafikiri. "Hapana, Mzee. Ataificha."

"Basi ifiche."

"Sasa nitanawa saa ngapi?"

"Ukishindwa kuizuia."

Filimbi naye si wa kuachia hapo. Akamwuliza lile swali la darasani, dhamiri au woga. Baba akakuna kidevu. Akasema, "Mwenye woga anasikia hatua za mtu anakuja. Mwenye dhamiri anasikia hatua hizo hizo na anajua hakuna anayekuja." Kisha akamwambia amhurumie yule mama anapomwigiza, kwa sababu wabaya kabisa hawanawi, anayenawa bado ndani yake kuna mtu.

Jioni ya mchezo ukumbi ulijaa, wazazi wengine walisimama kwenye madirisha. Makosa uliyoyaomba haya hapa: taji la mfalme lilikuwa kubwa, likamshukia puani akiwa anatoa hotuba, askari wa langoni alipiga chafya baada ya kuuawa, na aliyevuta pazia alilivuta mapema, tukaona miguu ya maiti inakimbia. Baba akaguna, "Wa hesabu huyo," nikabana kicheko hadi machozi yakanitoka.

Filimbi alipoingia, kaka, alikuwa ameifunga mikono nyuma kama mtu anayetembea bustanini. Anazungumza polepole, anatabasamu na watu ambao hawapo. Beseni liko mezani. Anapita mbali nalo. Anapita tena, karibu kidogo. Ukumbi mzima ulikuwa unaliangalia beseni. Alipotoa mkono mmoja, mmoja tu, akachovya vidole na kuurudisha nyuma haraka kama mtoto aliyedokoa, nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema "Maskini" kwa sauti, na hakuwa anaigiza. Baba alikuwa ameinama mbele, mikono yake iko wazi mapajani. Sijawahi kumwona amekaa hivyo.

Tulirudi kwa miguu taratibu, fundi cherehani anatuangazia njia kwa tochi. Baba alinishika mkono, akanishika vizuri.

Asubuhi alikuwa amesahau kila kitu. Nilimkuta dirishani anawatazama wasichana wanavyopita kwenda shule, wakamsalimia kwa jina nililowaambia aliitwa enzi zake, "Shikamoo, Mwalimu Pazia!", akaitikia, akaniuliza wamemjuaje. Nikakaa kitandani kwake nikamsimulia mchezo wote tangu mwanzo: taji, chafya, beseni, yule mama aliyesema maskini. Alisikiliza kama mtoto. Nilipomaliza akaangalia barabarani.

"Na mimi," akasema, "nilikuwepo?"

Sikumwuliza anasema juu ya wapi, ukumbini au hospitali.

"Ulikuwepo, Baba. Ulikaa mbele kabisa. Ulikaa mpaka mwisho."

Akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," akasema.

Njoo upesi ukipata likizo.

Mdogo wako,
Kitinda